Kifo Kiandikwe Kilipotokea

Mtu akifariki Mkongo, wilayani Rufiji, habari haingoji gazeti. Msikiti unatangaza, vijana wanatumwa vitongojini, simu zinapigwa Ikwiriri, Kibiti na Mbagala, na mara nyingi maiti huwa imekwisha kuzikwa kabla jua halijatua. Pembeni ya wanaume waliokaa kwenye mikeka yupo mmoja mwenye daftari la mistari. Anaandika jina la kila anayetoa rambirambi, kiasi alichotoa, na kama ameleta mchele, nazi au kuni, hicho nacho kinaingia. Juu ya ukurasa lipo jina la marehemu na tarehe. Kama ni ushahidi tu unaotafutwa, kumbukumbu hiyo ina mashahidi wengi kuliko kesi yoyote ya mahakamani. Lakini mbele ya karani wa benki, hakimu wa mirathi au ofisa wa mfuko wa pensheni, daftari hilo si kitu. Kinachotakiwa huko ni cheti cha kifo chenye namba na mhuri wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi tunaujua kwa jina la RITA. Na cheti hicho, kwa familia nyingi za bonde la Rufiji, huanza kutafutwa matanga yakiwa yamekwisha kuanuliwa zamani, siku ambayo mtu wa ofisini ameuliza, “Cheti kiko wapi?”

Ni rahisi kuwalaumu wafiwa kwa hili na kusema watu wetu hawana utamaduni wa makaratasi. Lawama hiyo haisimami. Watu wanaoweza kukumbuka nani alileta debe la mchele kwenye msiba wa miaka sita iliyopita hawawezi kuitwa watu wasiojali kumbukumbu. Tatizo ni mpangilio wenyewe: tumeweka utaratibu unaomtaka mfiwa aufuate usajili ulipo, wakati maisha ya msiba, dini, mto na kipato yote yanamzuia asitoke. Mpangilio huo unaweza kugeuzwa. Kifo kiandikwe kijijini kilipotokea, katika siku zile ambazo watu bado wapo msibani, na cheti kimfuate mfiwa. Rufiji yenyewe imekwisha kutupa ushahidi kwamba jambo hili linawezekana.

Tuanze na sheria ilivyo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, mizizi yake ni ya mwaka 1920, wakati wa utawala wa Waingereza. Ilipoanza, ulazima wa kusajili uliwahusu Wazungu na Waasia. Mwafrika aliachiwa hiari yake. Baada ya uhuru ulazima ukapanuliwa hatua kwa hatua, wilaya baada ya wilaya, lakini umbo la huduma lilibaki lile la ofisi moja makao makuu ya wilaya, ambako msajili amezoeleka kuwa Katibu Tawala wa Wilaya. Leo sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Aliyefia hospitalini au kituo cha afya huandikiwa na wahudumu, na ndugu huondoka na karatasi ya tangazo la kifo au kibali cha mazishi. Aliyefia nyumbani, ndugu zake wanatakiwa waende kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, awaandikie, kisha karatasi hiyo ipelekwe wilayani ili cheti kitolewe. Kwenye maandishi hatua hizo ni chache. Ugumu wake unaonekana pale unapoziweka juu ya ramani.

Mkongo iko upande wa kaskazini wa Mto Rufiji. Utete, makao makuu ya wilaya, iko upande wa kusini. Kati yao kuna kivuko, na mto unapofurika au chombo kinapoharibika, anayetaka kwenda Utete kwa gari inabidi azunguke kupitia Ikwiriri na Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003. Hiyo ni safari ya mtu aliyetoka kuzika, ambaye fedha za nyumbani zimekwishia kwenye sanda, chakula cha wageni na hitima. Na akifika, hana hakika kama karatasi zake zimekamilika: jina la marehemu kwenye kitambulisho cha taifa linaweza kutofautiana na lile aliloandika mtendaji, au umri usilingane na wa kadi ya mpigakura, naye akaambiwa arudi na kiapo cha mahakama. Kwa watu wa delta hali ilikuwa nzito zaidi. Kabla Kibiti haijawa wilaya kamili na halmashauri yake kuanza kazi mwaka 2016, mtu wa Salale, Mbuchi au Kiongoroni alitakiwa kutoka visiwani kwa mashua kufuata maji kujaa na kupwa, ateremke bandarini kama Nyamisati, apande gari hadi barabara kuu, kisha aitafute Utete. Kugawanywa kwa wilaya kuliipunguza safari ile kwa kiasi kikubwa. Sehemu ya majini, hata hivyo, iko palepale.

Uko pia ukweli wa dini na desturi ambao muda wa siku 30 hauujui kabisa. Wakazi wengi wa Rufiji na Kibiti ni Waislamu. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hatoki hovyo, sembuse kupanda bodaboda kwenda kivukoni. Muda wa sheria huisha eda haijafika hata robo. Ni kweli kwamba sheria haimtaji mjane peke yake. Wajibu wa kutoa taarifa unawaangukia jamaa wa karibu waliokuwapo, na wasipokuwapo hao, wengine waliokuwa nyumbani humo. Shemeji au mtoto mkubwa anaweza kwenda badala yake. Lakini hapo ndipo penye mtego. Anayekwenda kuandikisha ndiye anayeshika karatasi, na anayeshika karatasi mara nyingi ndiye anayekuwa mbele kikao cha ukoo kinapokaa kumteua msimamizi wa mirathi. Mjane ambaye fungu lake katika sheria ya Kiislamu ni thumni kama marehemu ameacha watoto, au robo kama hakuacha, anajikuta akisubiri fungu hilo kutoka kwa mtu mwenye cheti mfukoni. Usajili ungefanyika mlangoni kwake, jina lake likaingia kama mtoa taarifa, angeanza safari ya mirathi akiwa na nakala yake mwenyewe.

Muda ukipita, mambo hayazidi kuwa rahisi. Usajili wa kuchelewa unadai ushahidi zaidi: barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha familia, vitambulisho, viapo, na ada inayopanda. Mtendaji aliyekuwapo siku ya mazishi amehamishwa. Aliyepo sasa hakumjua marehemu. Mwenyekiti wa kitongoji naye amekwisha kuondoka madarakani au ametangulia mbele ya haki. Katika ukanda huu yametokea pia mambo yaliyovuruga ofisi zenyewe. Kati ya mwaka 2015 na 2017, mauaji yaliyotikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga yaliwalenga hasa wenyeviti, watendaji na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Mkengeni, Kibiti. Kwa muda ule, kukaa katika ofisi ya kijiji yenye bendera ilikuwa hatari. Kisha mwaka 2024 mafuriko makubwa yakaingia Muhoro, Chumbi na maeneo mengine ya bonde na kuwahamisha watu kwenye nyumba zao. Mahali ambapo ofisa anaweza kutoweka na maji yanaweza kuingia kabatini, kumbukumbu ambayo haijapelekwa kwingine mapema haina usalama. Hii ni sababu nyingine ya kuandika haraka na kutuma nakala haraka.

Sasa tuje kwenye ushahidi wa Rufiji yenyewe. Novemba 1998, chini ya mradi wa afya uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, uliofadhiliwa na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, kulianzishwa mfumo wa kufuatilia watu katika vijiji vya ukanda wa Ikwiriri, Kibiti, Bungu na jirani zake. Baadaye kazi hiyo ikawa chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Watu zaidi ya 80,000 walifuatiliwa, kila kaya ikitembelewa mara tatu kwa mwaka, na katika kila kijiji walikuwapo watoa taarifa, wakazi wa hapohapo, waliokuwa wakieleza nani kazaliwa na nani kafariki. Mtu akifariki, ofisa aliyefunzwa alifika nyumbani baada ya siku za majonzi, akakaa na aliyemuuguza marehemu, akauliza kwa utaratibu: homa ilianza lini, alikohoa, alivimba, alipelekwa wapi kwanza. Majibu yakasomwa na madaktari, nao wakakadiria sababu ya kifo. Kazi hii ilionyesha jambo ambalo takwimu za hospitali zisingeweza kulionyesha, kwa kuwa wengi walikuwa wakifia nyumbani. Halmashauri ikatumia picha hiyo kupanga upya bajeti yake ya afya, ikaongeza nguvu kwenye malaria na magonjwa ya watoto ambayo yalikuwa yakiua zaidi ya uzito yaliopewa. Katika wilaya mbili za mradi, Rufiji na Morogoro Vijijini, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Sababu za kupungua huko zilikuwa zaidi ya moja, lakini bila hesabu ya vifo hakuna ambaye angejua pa kuelekeza fedha.

Tazama basi hali iliyokuwapo. Katika wilaya ileile, wakati uleule, palikuwa na daftari la watafiti lililojua vifo karibu vyote vya eneo lake lakini halikuweza kumpa mjane cheti, na daftari la serikali lililoweza kutoa cheti lakini halikujua vifo vingi vilivyotokea. Watu walikuwa walewale, vijiji vilevile, na barabara zilezile zenye mashimo. Tofauti ilikuwa moja: la kwanza lilikwenda nyumbani, la pili lilikaa ofisini likisubiri. Hapo ndipo dai kwamba watu wa vijijini hawapendi kusajili vifo linapoanguka. Walipofuatwa, walisema. Walisema hata mambo mazito, ya dalili na ya mganga waliyemwendea kabla ya zahanati.

Serikali yenyewe imekwisha kulikubali funzo hili, ila kwa upande wa uzazi. Kuanzia mwaka 2013, mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya na kuenezwa mikoa mingine. Lindi na Mtwara, majirani zetu wa kusini, waliingia mwaka 2017. Mzazi hahitaji tena kwenda wilayani. Cheti kinaandikwa kwa mkono na kutolewa bila malipo kwenye ofisi ya kata au kituo cha tiba, na taarifa zinatumwa kwa simu. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010, ni kama asilimia 16 tu ya watoto wa umri huo waliokuwa wamesajiliwa. Kama kata inaaminiwa kuandika kwamba mtu ameingia duniani, ni sababu gani inayoizuia kuandika kwamba ametoka? Kenya, kwa vifo vya nyumbani, wamemtumia naibu wa chifu kuwa wakala wa usajili kwa miaka mingi. Yeye ndiye anayepokea taarifa na kutoa kibali cha mazishi. Zanzibar, ambayo ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii chini ya sheria ya mwaka 2018, inamtegemea sheha anayezijua nyumba zake moja moja. Usajili wa karibu, kwa hiyo, umekwisha kuzoeleka Afrika Mashariki.

Kipingamizi cha kwanza, na kizito kuliko vyote, ni udanganyifu. Watu watasema: ukimpa mtendaji wa kijiji mamlaka, kesho mtu mzima na afya yake ataandikwa marehemu ili shamba lake la korosho liuzwe. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini iangaliwe inaelekea wapi. Ni lini kifo cha uongo huwa rahisi kutengenezwa: siku ya tatu ya msiba, kijiji kizima kikiwa kimetoka kubeba jeneza, au miaka minane baadaye kwa barua tatu na mihuri miwili mbele ya ofisa asiyejua hata njia ya kwenda kitongoji hicho? Usajili wa mbali na wa kuchelewa ndio unaompa tapeli nafasi. Na upo udanganyifu wa upande wa pili, wa marehemu wanaoendelea kuishi kwenye makaratasi. Uhakiki wa mwaka 2016 uliwakuta watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Kinga inaweza kuwekwa bila gharama kubwa: vitabu vya fomu zenye namba mfululizo na nakala, saini ya mwenyekiti wa kitongoji pamoja na ya mtoa taarifa, na orodha ya waliosajiliwa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila miezi mitatu. Orodha ikisomwa mbele ya watu wanaojuana kwa majina ya babu zao, aliyeandikwa marehemu bila kufa atanyosha mkono mwenyewe.

Wapo wanaosema mkulima wa Mkongo hana mali ya kuhitaji cheti. Pengine zamani. Siku hizi korosho na ufuta vinauzwa kwa stakabadhi ghalani na malipo yanaingia benki. Mkulima akifa msimu ukiwa katikati, fedha zake zinabaki kwenye akaunti ambayo mkewe hawezi kuigusa. Salio la simu nalo ni mali. Shamba linaweza kuwa na hati miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na jina lililopo kwenye hati haliwezi kubadilishwa kwa maneno ya mdomo. Mwalimu mstaafu ana pensheni, kijana aliyefia kazini Dar es Salaam ana michango yake kwenye mfuko, mtoto yatima ana mkopo wa masomo wa kuomba. Wanaoathirika zaidi na kukosekana kwa cheti ni hao wenye mali ndogo, kwa sababu nauli za kukifuata zinaweza kula nusu ya kile kinachodaiwa.

Wengine wataelekeza kidole kwenye mtandao: RITA ina mfumo wa maombi wa eRITA, basi kila mtu aombe kwa simu yake. Mfumo huo ni msaada wa kweli kwa aliye mjini na kwa ndugu aliyehama. Lakini hauwezi kuvuta kitu ambacho hakijaandikwa. Bado unahitaji karatasi ya mtendaji au ya hospitali ipigwe picha na kupachikwa, na bado unamtaka mtu mwenye simu janja, bando, na uzoefu wa kujaza fomu. Mtandao ukabidhiwe mtendaji, ili yeye ndiye atume taarifa kutoka kijijini. Hapo ndipo utakapofupisha safari kwa kila mtu.

Kuna pia suala la sababu ya kifo. Familia nyingine huogopa kusajili kwa kuhofia ugonjwa wa marehemu kujulikana, na hofu hiyo ina haki yake. Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili. Hakimu wa mirathi anataka kujua kama mtu amefariki, lini na wapi. Haimhusu alikufa kwa ugonjwa gani. Mtendaji aandike tukio, na swali la ugonjwa libaki kwa mhudumu wa afya, kwa siri, kama walivyofanya wale waliokwenda nyumba kwa nyumba Rufiji. Na kwa wale waliotoweka baharini au kwenye vurugu bila mwili kuonekana, njia ni nyingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama imchukulie mtu kuwa amefariki ikithibitika kwamba hajasikika kwa miaka mitano na wale ambao wangetarajiwa kumsikia. Hata huko, kumbukumbu ya mtendaji iliyoandikwa wiki ile chombo kilipokosa kurudi itakuwa na nguvu kuliko ushahidi wa mdomo wa miaka mitano baadaye.

Hadi mpangilio ubadilike, familia haina sababu ya kusubiri. Ndugu wakiwa bado wamekusanyika, mmoja ateuliwe kushughulikia karatasi kama wanavyoteuliwa wa kununua sanda na wa kuchimba kaburi. Aliyefia hospitalini, asiondolewe bila tangazo la kifo. Aliyefia nyumbani au shambani, mtendaji afuatwe ndani ya wiki ya kwanza, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi, na mjane atajwe kwenye muhtasari wa kikao cha familia. Karatasi zipigwe picha kwa simu mbili tofauti. Lakini ushauri huu, hata ukifuatwa na kila ukoo, unaitwisha familia mzigo ambao ni wa dola. Halmashauri za Rufiji na Kibiti pamoja na RITA wanaweza kuanza na kata chache, za bara na za delta, watendaji wakipewa vitabu vyenye namba na simu za kutumia, na baada ya mwaka mmoja vifo vilivyoandikwa vikalinganishwa na makaburi yaliyochimbwa. Tayari watoto wanasajiliwa kwa njia hiyo. Haina maana raia aliyeandikwa katani bure siku ya kuzaliwa aje awagharimu wanawe safari ya kuvuka mto ili iandikwe kwamba amekufa.